Aliyembeba Mzee Mwakajila

Dar es Salaam,
14 Juni 1992

Kwako Dada Tuntufye,

Pokea salamu zangu, za Veronika na za watoto wote watatu. Tulifika salama kutoka mazishini, ingawa basi lilituharibikia Mikumi tukalala humo humo tukiwasikiliza wanyama wa serikali. Mtoto wa mwisho amepona kikohozi. Veronika anasema mchele uliotupa umekwisha na anashukuru sana, nami kwa uzoefu wangu naelewa kwamba anaomba mwingine.

Yahusu: Wasifu wa Marehemu Baba.

Kama ulivyosikia pale msibani, baba mdogo Hezroni na wazee wa ukoo wameniteua mimi niandike wasifu utakaosomwa Desemba siku ya kuweka msalaba kaburini. Wamenichagua kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, na ndiye mwana wa kiume pekee aliyebaki tangu kaka Zebedayo atutoke. Nimekwisha kuanza hivi: "Marehemu Mzee Anyosisye Mwakajila alikuwa shujaa wa Vita Kuu ya Pili, aliyepambana na Mjapani ana kwa ana katika misitu ya Burma, mtumishi mwaminifu wa umma katika Idara ya Ujenzi, na baba aliyeipenda familia yake kupita kiasi." Naona inapendeza. Baada ya hapo nimekwama, maana niliondoka nyumbani mwaka 1974 na mengi nayajua kwa kusimuliwa.

Naomba basi unipatie mambo ya kujazia. Naomba pia majina ya waliombeba Baba kutoka nyumbani hadi barabarani siku ile ya mafuriko alipoanguka. Ni lazima washukuriwe kwa majina mbele ya watu, nisije nikaonekana sikulelewa. Pale msibani kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine.

La mwisho ni kuhusu kiwanja cha nyumbani. Siku hizi biashara imeachiwa huru, kila mtu anajaribu, nami nina wazo la kuweka pale mashine ya kukoboa mpunga. Nitakueleza kwa kirefu.

Mimi ndugu yako,
Dickson


Bondeni, Kyela,
9 Julai 1992

Mdogo wangu Dickson,

Ugonile. Barua yako nimeipata dukani kwa Husseini, ambaye sanduku lake la posta sasa ni la mtaa mzima. Anasema hana neno, ila wenye barua wawe wananunua japo kiberiti. Nimenunua kiberiti.

Huku mjini tupo. Mpunga umeshavunwa na panya wanaushukuru mwaka. Magoti yangu yananisumbua nikikaa sana sokoni, na nisipokaa sokoni tumbo ndilo linasumbua, kwa hiyo nakaa. Lusungu, binti wa marehemu kaka yetu, anaendelea na shule na ameanza kunijibu jeuri, yaani yuko mzima kabisa. Naomi mama yake anakusalimu. Ng'ombe wa Baba naye hajambo, ila tangu mazishi hakubali kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa Naomi. Kama watoto wako hawamjui, waambie anaitwa Meja. Baba aliamriwa na meja wa Kizungu miaka minne, akaapa kwamba kabla hajafa na yeye atamwamuru meja. Kwamba ni ng'ombe jike hakujali.

Sasa wasifu. Baba hakupambana na Mjapani ana kwa ana. Mjapani alimwona mmoja tu, mfungwa, amekaa chini anakula wali, na Baba aliona wali wenyewe haukuiva. Alichopigana nacho Burma ni tope. Kikosi chao kilikuwa cha barabara. Walilaza magogo, mvua ikayachukua, wakalaza mengine, hadi wakaambiwa vita vimekwisha na wao ndio washindi. Alirudi na nishani na koti. Nishani alimpa Zebedayo achezee, ikapotelea mtaroni. Koti alilivaa mpaka mimi naolewa, tena alilivaa harusini.

Ukitaka kuandika shujaa andika, mimi sikukatazi. Ila alikuwa shujaa wa tope.

Waliombeba, andika "majirani". Maji yalikuwa kiunoni na wanaume wengi walikuwa wamevuka mto kwenda kuzika. Alibebwa, akafika. Kwa wasifu inatosha.

La mashine sijalielewa. Unasema kiwanja. Pale mimi najua pana nyumba ya Baba, migomba yake, kaburi lake, na nyumba ya Naomi.

Dada yako,
Tuntufye


Dar es Salaam,
2 Agosti 1992

Dada Tuntufye,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Joto limepungua na umeme pia. Kazini ni kuzuri.

Rejea barua yako ya tarehe 9 Julai. Tope haliwezi kusomwa mbele ya mchungaji na mkuu wa tarafa. Nitaandika "alikabiliana na mazingira magumu". Na "majirani" si jina la mtu. Mtu aliyembeba baba yangu kwenye maji ya kiunoni hawezi kukosa jina katika kijiji ambacho hata mbwa wanajulikana ukoo wao. Naomba majina.

Kuhusu mashine, mahali panapofaa ni pale palipo nyumba ya shemeji Naomi, kwa kuwa ni karibu na barabara ya Itungi na magari yanaweza kuingia. Baba mdogo Hezroni tumeshaandikiana, naye haoni kipingamizi. Shemeji bado ana nguvu zake na ana kwao Busale, kaka zake wana mashamba ya kutosha. Baba aliyemweka pale hayupo tena. Lusungu atabaki kwetu, ni mtoto wa ukoo. Sisemi aondoke kesho. Nasema mambo yaanze kufikiriwa.

Tafadhali nipatie sasa habari za Baba kama mtumishi wa umma.

Ndugu yako,
Dickson


Bondeni, Kyela,
30 Agosti 1992

Mdogo wangu,

Ndaga kwa salamu. Tunaendelea. Mbasa wameadimika ziwani, wavuvi wanailaumu mbalamwezi, na mbalamwezi haina wa kuitetea. Mama Raudha jirani yangu ameozesha binti, tulikula pilau siku mbili nzima na magoti yangu yakasahau maumivu yake. Nimenunua kiberiti kingine kwa Husseini. Sasa ninavyo vingi kuliko kuni.

Bahasha yako safari hii haina muhuri wa shirika lenu. Nyuma umeandika "kwa anwani ya duka la vitambaa, Kariakoo". Sijauliza kitu. Nimeona tu.

Umetaka mtumishi wa umma. Baba alikuwa nyapara wa barabara kuanzia aliporudi vitani mpaka walipompa mkono wa kwaheri mwaka 1978. Mkoloni alimkuta kwenye barabara ya Itungi na Uhuru ukamkuta hapo hapo, ameshika sepetu, wakati meli bado zinajaza watu pale bandarini na barabara ina maana. Siku ya sherehe za Uhuru mvua ilinyesha, akaomba ruhusa katikati ya hotuba akazibue kalvati. Mkubwa wake akamwambia leo ni siku ya taifa. Akasema ndiyo, na taifa litapita hapa kurudi nyumbani. Alipostaafu hakuacha. Kila mvua kubwa alitoka na sepetu kuangalia mitaro ya serikali, na vijana wa idara walipomkuta walimwambia mzee wewe si mfanyakazi tena, naye akawajibu kwamba maji hayajapewa taarifa.

Ila barabara yake nzuri kuliko zote hujaiona, maana aliijenga baada ya wewe kuondoka. Waelezee watoto wako, wasije wakasikiliza wasifu kama wageni. Kwetu sisi mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tunaita kutila. Mkamwana akimwona mkwe anakuja, anaacha njia, anainama majanini na kugeuza uso mpaka mzee apite. Hamtaji jina. Haingii nyumbani mwake. Wengi siku hizi wameacha, na walokole wanalihubiri vibaya, lakini Naomi alitoka kwao amefundishwa, na Baba naye alikuwa mtu wa taratibu.

Sasa Naomi alipokuja kuolewa na Zebedayo, Baba aliona mkwe wake anainama kwenye majani na ndoo kichwani, mvua inamnyeshea, kwa sababu ya mzee mmoja anayepita kwenda kuangalia mgomba. Hilo lilimuuma sana. Basi akajenga njia nyingine nyuma ya migomba, kutoka mlangoni kwa Naomi mpaka kisimani na mpaka barabarani, ili mwenzake atembee amenyooka kama mtu. Akaichimbia mitaro pande zote mbili. Akaiinua katikati ili maji yasikae, kama barabara ya serikali. Akaweka kalvati la pipa la mafuta. Hakuikanyaga ila siku ambazo Naomi alikwenda sokoni, ndipo alipoikagua. Na yeye akitoka nyumbani alipiga mluzi wa kijeshi, ili ajulikane alipo. Nasikia aliimaliza kwa muda mfupi kuliko idara ilivyomaliza daraja lolote hapa wilayani.

Zebedayo alipofariki watu walidhani Naomi atarudi kwao. Baba akawaambia njia yake ninaitengeneza mimi, na nikitaka aondoke nitaacha kuitengeneza. Hakuacha.

Na walikuwa wakizungumza, usidhani hawakuzungumza. Walimtumia Meja. Baba anasimama upande huu wa ukuta wa matete anasema, "Meja, mwambie mwenye nyumba hiyo mvua inakuja, aanue mpunga." Naomi upande wa pili anajibu, "Meja, mwambie mzee nimeshaanua, na uji wake uko mlangoni." Ng'ombe anatafuna. Walibishana kwa njia hiyo hata mambo ya siasa. Mwaka juzi waligombana kuhusu mbolea na Meja hakusemeshwa wiki nzima.

Hiyo ndiyo familia aliyoipenda kupita kiasi. Ukiweka mashine pale, njia ile itapita katikati ya injini.

Dada yako,
Tuntufye


Dar es Salaam,
3 Oktoba 1992

Dada,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Husseini alikuja kuchukua mzigo wa mitumba. Tulikutana Kariakoo, akanipa pole ya Baba, halafu akaniambia kwa furaha kabisa, "Shemeji yako yule ni mwanamke wa aina yake. Kambeba mkwewe mgongoni peke yake kwenye maji." Mimi nimesimama na maji ya madafu mkononi. Nikasema ndiyo, tunajua.

Hatukujua, Dada. Mimi sikujua. Wewe ulijua, ukaniandikia "majirani".

Anasema hadithi hiyo aliisimulia dukani kwake baada ya Maulidi, mbele ya watu, akimsifu. Yeye ni mtu mwenye asili ya pwani, kwao mkwe ni mzazi, alidhani anampa Naomi heshima. Hakujua anasoma mashtaka. Tangu siku hiyo wazee wanaliongea. Baba mdogo ameniandikia kwamba mkamwana ameugusa mwili wa mkwe, akambeba kama mtoto, na Baba akafa siku ya pili yake. Kwamba ndama amekufa kwa jirani na mjukuu wa baba mdogo anaumwa. Kwamba hakuna utakaso uliofanywa kwa kuwa jambo lilifichwa. Wameitisha kikao Jumamosi tarehe 28 Novemba. Wanataka arudishwe Busale kabla ya kuweka msalaba, na Lusungu abaki. Wanasubiri neno langu tu.

Sifichi kwamba jambo hili limeangukia mahali panapolingana na mpango wangu. Lakini si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba nimekuandikia mara ngapi nikikuomba jina, na jina lilikuwa linachota maji si mbali na ulipoketi.

Nitawajibu wazee kwamba nakubaliana nao.

Dickson


Bondeni, Kyela,
18 Oktoba 1992

Dickson,

Wazima. Mvua za kwanza bado. Sina habari nyingine za nyumbani leo, na hata kama ningekuwa nazo nisingeziandika, maana nina hasira na wewe na nina hasira na mimi mwenyewe.

Umeuliza nani alimbeba. Sikiliza basi.

Siku ile mto ulikuwa umepasua kingo. Wanaume walikuwa ng'ambo, wamekwenda kuzika, na daraja likafunikwa nyuma yao. Lusungu alikuwa kwangu hapa mjini. Baba aliona maji yanapanda kuelekea nyumba ya Naomi, akajua lile kalvati la pipa limeziba. Ana miaka sabini na zaidi, akachukua sepetu akaenda kuzibua. Akateleza, akaanguka mtaroni, nyonga ikavunjika. Yaani alianguka kwenye njia ya Naomi, akifanya kazi ya Naomi.

Naomi alimsikia anaita. Alikuwa anamwita Meja. "Meja! Mwambie mtu aite wanaume!" Meja alikuwa amefungwa kwenye mwinuko, mbali kabisa, hasikii kitu. Naomi akaja mpaka kwenye migomba, akageuza uso, akasema, "Meja, mwambie mzee wanaume wote wako ng'ambo." Baba akasema, "Basi Meja, mwambie huyo mtu apande mwinukoni kabla maji hayajamfikia." Naomi akasema, "Meja, mwambie mzee siendi."

Maji yalipomfika Baba kifuani, Naomi akatoka migombani.

Baba alipoona kivuli chake alivuta kofia akafunika uso mzima, akaishika kwa mikono miwili. Hakuiachia njia nzima. Alibebwa mgongoni hajashika bega wala shingo, ameshika kofia, na kila mara Naomi alikuwa anasimama kumrudisha juu maana anateleza. Na bado alikuwa anaelekeza njia. "Meja, mwambie apite kushoto, kulia pana shimo, nililichimba mwenyewe." Hawezi kuona kitu, amefunikwa uso, lakini njia ile aliijua. Naomi naye alikuwa analia, na anajibu, "Meja, mwambie mzee asijitikise."

Gari la Husseini lilikuwa barabarani limekwama. Husseini ndiye aliyempokea. Anasema mzee alikataa kuondoa kofia mpaka alipohakikishiwa kwamba yule mama ameshazunguka nyuma ya gari. Husseini alidhani ni maumivu ya kichwa.

Hospitalini siku ya pili akafariki, mimi niko naye. Akili ilikuwa sawasawa. Aliniambia, "Watu wakiuliza, sema majirani. Wazee hawatamwelewa." Halafu akasema, "Mwambie Naomi najua nilikuwa mzito." Hakumtaja Meja. Alimtuma mtu, tena akamtaja jina, mara ya kwanza kumsikia. Nilitoka nje nikalia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Kwa hiyo huo uongo si wangu. Ni amri ya Baba, na wewe umeniandikia barua tatu ukinibana niivunje. Sasa imevunjwa na mwenye duka. Naomi hakuomba sifa wala shukrani kwenye wasifu wako. Anaomba kubaki na mtoto wake kwenye nyumba yake. Hana kingine.

Andika utakachowaandikia wazee. Ila usiandike kwamba ni kwa ajili ya Baba.

Tuntufye


Bondeni, Kyela,
8 Novemba 1992

Mdogo wangu,

Hatujapata jibu. Husseini anasema posta ni nzima, barua za watu wengine zinafika.

Mvua imeanza. Naomi amefua mashuka yote, hata yale safi, na amemfundisha Lusungu kumkamua Meja. Meja amekubali. Sikupenda kuliona hilo.

Mimi nina umri wa kukuomba, nisione haya. Nakuomba.

Dada yako


Dar es Salaam,
15 Novemba 1992

Dada yangu Tuntufye,

Samahani kwa kuchelewa. Barua hii anakuletea Husseini mkononi, pamoja na nyingine ya baba mdogo ambayo utaisoma wewe kikaoni, kwa sauti. Nimewaandikia wazee kwamba kama kuna kosa, ni langu. Mwana wa kiume alitakiwa awepo ambebe baba yake, na hakuwepo, na mtu mwingine akafanya kazi yake. Kama pana faini, mimi nitailipa. Kama pana utakaso, mimi ndiye wa kutakaswa. Naomi haendi Busale. Ndilo neno langu walilokuwa wanalisubiri.

Nimejiuliza, Dada, ningekuwepo ningefanya nini. Ningekimbia kutafuta watu. Ningepiga kelele, ningetoa maagizo, ningerudi na watu kumi tukamkuta amekufa. Na huyu aliyetoka migombani ndiye niliyetaka kumfukuza, kwa kosa la kunifanyia kazi yangu. Naona aibu mpaka nashindwa kumwangalia Veronika.

Wasifu nimeuandika upya. Tope limo. Wali mbichi wa Mjapani umo. Penye shukrani nimeandika jina moja.

Sasa jambo ambalo uliliona kwenye bahasha. Shirika lilitupunguza mwezi wa tano. Nilirudi kutoka kumzika Baba nikakuta jina langu ubaoni, tena limekosewa, nikafikiri labda ni mwingine. Barua yangu ya kwanza nilikuandikia nimeketi kwenye ngazi za posta kwa sababu meza sikuwa nayo tena. Nauza mashati ya mitumba kando ya duka la binamu yake Husseini. Nyumba ni ya shirika, tunatakiwa kutoka mwisho wa mwaka. Mashine haipo, Dada. Haijawahi kuwepo. Nilitaka kurudi nyumbani nikiwa na mashine, ili watu waangalie mashine wasiniangalie mimi.

Tutakuja Desemba, wote watano, na hatutaondoka tena. Nyumba ya Baba paa lake lilichukuliwa na mafuriko upande mmoja, nililiona nikalipita. Kwa hiyo naomba umfikishie shemeji Naomi ombi hili, na uliseme hivi hivi nilivyoliandika: Dickson anaomba kama mwenye nyumba atamruhusu akae kwake na mke wake na watoto wake mpaka atakapoezeka. Akikataa ana haki, na nitaelewa, na bado haondoki pale.

Mdogo wako,
Dickson


Bondeni, Kyela,
29 Novemba 1992

Mdogo wangu Dickson,

Ugonile. Ndaga fijo kwa barua zote mbili. Mvua ni ya kutosha, migomba ya Baba imesimama, magoti yangu yanatabiri nyingine kesho. Mjukuu wa baba mdogo amepona. Ilikuwa malaria, kama miaka yote.

Kikao kilifanyika jana barazani kwa baba mdogo. Naomi alikuja amevaa vizuri, lakini baba mdogo naye ni mkwe kwake, kwa hiyo hakuweza kukaa mbele yake. Aliketi ndani nyuma ya mlango. Ikawa wazee wamekaa nje wanamshtaki mtu kwa kuvunja mwiko, na yeye yuko nyuma ya ubao anaushika mwiko huo huo. Niliwaangalia nyuso zao. Mmoja tu ndiye aliyeonekana kuliona jambo hilo, akaanza kukohoa.

Baba mdogo akauliza mlango, "Ni kweli ulimgusa mkweo?"

Mlango ukajibu, "Ni kweli."

"Ulimgusa sehemu gani?"

"Zote, baba. Alikuwa mzito."

Hapo yule mzee wa kukohoa alitoka nje ya uwanja.

Nikasoma barua yako. Nilipofika pale uliposema kosa ni lako, baba mdogo akaniomba nirudie, nikarudia. Akasema, "Mtoto wa kaka amesema vizuri kuliko alivyokuwa akiandika." Usikasirike, ni sifa. Wakashauriana. Wamesema utakaso utafanyika kwa jogoo mmoja mweupe na sala ya mzee wa kanisa, vyote pamoja ili asiwepo wa kulalamika, na jogoo utamtoa wewe. Naomi anabaki. Lusungu anabaki na mama yake. Baba mdogo alipopita karibu na mlango akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kaka yake alikuwa mtu mgumu sana kubebwa hata alipokuwa mtoto. Sikujua kama ilikuwa pole au pongezi. Naomi alisema ndaga.

Jioni nilikwenda kwake kumpa ombi lako. Alikuwa anamenya ndizi. Nilimsomea kama ulivyoandika, neno kwa neno, hata pale pa mwenye nyumba. Aliendelea kumenya.

Akauliza, "Watoto wake wanakula nini asubuhi?"

Nikadhani hakuelewa. Nikamwambia, Naomi, sikiliza, Dickson hana kazi. Hana nyumba. Hana mashine. Ndiye aliyetaka kukuondoa hapa, aliniandikia kwa mkono wake.

Akasema, "Nimesikia, wifi. Nimeuliza watoto wanakula nini."

Nijibu upesi, basi la Alhamisi lina nafasi ya barua.

Dada yako,
Tuntufye